Fundi Tuliyeamriwa Kumfukuza

Georgette, ambaye sasa anakaa kwenye kiti changu katika bureau ya wahamiaji pale bandarini Baraka, aliniomba niandike mambo machache ya kuwasaidia wapya. Nilimwambia mambo yangu ni machache kweli, na mengi kati yake hayatamsaidia mtu. Akasema, "Papa Wilondja, andika tu. Bale bapya banafikiri kazi ni kupiga cachet, ule muhuri tu." Basi naandika. Vyeo nitaviruka, maana nilipanda ngazi mbili tu, na ya pili niliipanda kwa sababu aliyekuwa juu yangu aliondoka. Mshahara pia nitauruka. Miezi mingi wenyewe uliniruka.

Siku yangu ya kwanza nilitoka Lweba kwa baiskeli ya kuazima, nimevaa viatu vya kaka yangu ambavyo vilinizidi. Bureau ilikuwa vyumba viwili na meza moja yenye miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa tofali. Mkubwa wangu alikuwa Muzee Asumani, mtu wa familia za Waislamu wa hapo hapo ufukweni, mwembamba, mwenye mashati matatu. Yote matatu yalikuwa na doa la zambarau mfukoni, kwa sababu alitembea na muhuri kama wengine wanavyotembea na tumbaku. Hakuniruhusu kuugusa kwa wiki tatu. Kwanza alinifundisha kutunza wino. Upepo wa ziwa unaukausha haraka, kwa hiyo sponji unaifunika kila baada ya mtu wa tano, hata kama foleni imefika majini. Hilo nawaachia wapya kama urithi. Bado ni kweli.

Kisha akanifundisha kuangalia mikono.

Kwenye karatasi ya kuingia kulikuwa na mstari wa kuandika kazi ya msafiri, na wasafiri wote waliandika neno moja: biashara. Anayetoka Kigoma, biashara. Anayetoka Bujumbura, biashara. Kwa hesabu ya daftari letu, eneo letu lote la Fizi lilikuwa soko. Sababu ilikuwa rahisi. Aliyeandika biashara alipewa siku zake za mgeni akapita. Aliyeandika fundi aliulizwa kadi ya kazi, na kadi ya kazi ilitoka mbali, kwa wakubwa ambao hawakuwa na haraka. Serikali ilikuwa inawalinda mafundi wake wasinyang'anywe kazi na wageni. Kilichokosekana ni mafundi wenyewe.

"Usimuangalie mu macho," Muzee Asumani aliniambia, "macho inajuaka kudanganya. Angalia vidole wakati anaandika." Mwashi ana ncha za vidole zilizopasuka kwa simenti. Seremala ana ukucha mmoja uliokufa. Anayechomea vyuma ana alama ndogo ndogo za moto mkononi, kama mtu aliyenyeshewa mvua ya makaa.

"Na nikishajua ni fundi, nifanye nini?"

"Andika vile anasema yeye," akajibu. "Lakini ujue ni nani ameingia kwenu."

Miaka ile watu wetu walikuwa wanarudi kutoka makambi ya wakimbizi ya Tanzania, boti baada ya boti. Wengi walikuwa wamejifunza ufundi huko: uashi, useremala, umeme. Walishuka na vyeti vyao ndani ya nailoni, wakaviweka mbele yangu kwa heshima. Vyeti vilipelekwa kwa wakubwa vitambuliwe, navyo vikarudi na jibu kwamba muhuri wake si wa nchi hii. Kwa hiyo mwashi aliyejenga madarasa kambini alirudi nyumbani akawa mtu asiyejua uashi. Baada ya mwaka mmoja au miwili nilimwona tena dirishani pangu, safari hii anatoka, anakwenda Zambia au popote palipokuwa na ukuta wa kujenga. Niliandika biashara, nikapiga muhuri. Wengine niliwapigia muhuri wa kuingia na wa kutoka bila kubadilisha daftari.

Hamisi alikuja katikati ya miaka hiyo. Alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, mpole, na alishuka na sanduku la mbao ambalo watu wawili walilibeba kwa shida. Aliandika biashara.

"Unauzisha nini?" Muzee Asumani akamuuliza.

"Waya, mzee."

"Na hiyo harufu mu vidole?"

Hamisi akanusa vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Nauza na vanishi kidogo," akasema.

Muzee akampa siku zake. Hamisi alikuwa fundi wa kusuka mota. Mota ikiungua, mtu huyu anaichoma ndani mpaka waya za zamani zitoke, anasuka waya mpya za shaba mzunguko kwa mzunguko, anapaka vanishi, anaikausha, na mota inarudi kufanya kazi. Katika Fizi yote hatukuwa na mwingine. Kabla yake, mota ya kinu ikiungua huko Nundu au Swima, ilisafirishwa Uvira, na mara nyingi haikurudi. Alipanga chumba karibu na soko, na kila siku zake zilipokwisha alikuja dirishani, anaandika biashara, tunamwongezea. Muzee Asumani akastaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Mimi nikawa mkuu wa kituo. Hamisi akaendelea kuandika biashara, nami nikaendelea kumwamini.

Mwishowe nilitaka kumnyooshea mambo yake kisheria. Ndiyo, wapya, nilijaribu. Kuomba kadi ya kazi kulitaka kwanza tuthibitishe kwamba hakuna raia anayeiweza kazi hiyo. Nikabandika tangazo mlangoni kwa siku thelathini: anatafutwa fundi wa kusuka mota, raia. Alikuja mwalimu wa darasa la tatu. Alikuja mwimbaji wa kwaya. Alikuja dereva wa pikipiki, huyu aliniambia kwa moyo mweupe, "Mi sijue bado, chef, lakini ule Mutanzania anaweza kunifundisha." Baada ya siku thelathini nilihitaji karatasi ya ofisi ya ajira kuthibitisha kwamba hakuna aliyepatikana. Ofisi hiyo haikuwa na mtu, kwa sababu aliyefaa kuikalia hakuwa amepatikana. Nikaituma faili bila karatasi hiyo, nikangoja.

Kilichokuja si jibu bali agizo. Wageni wote wanaofanya kazi ambazo raia anaweza kuzifanya warudishwe makwao ndani ya siku saba. Waashi, mafundi wa umeme, makanika, washonaji. Na nyuma ya agizo akaja inspekta, mtu nadhifu, mwenye begi la ngozi na orodha ya majina. Hamisi alikuwa wa nne.

Wiki hiyo hiyo mota ya pompe, pampu ya maji, iliungua. Pompe yenyewe ndiyo iliyokuwa inapandisha maji ya mabomba ya kartié yetu, mtaa mzima, na msimamizi wake alikuwa Mama Riziki, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwanamke wa miaka hamsini hivi, zamani mshonaji wa nguo. Alimwita Hamisi asubuhi hiyo hiyo. Nilipofika na inspekta kwenye kibanda cha pompe, Hamisi alikuwa amekaa chini, katikati ya miguu yake lile gamba la chuma la mota ambalo mafundi wanaliita stator, na nusu ya waya zilikuwa zimeshaingia. Bamama na bidon zao, madumu ya maji, walikuwa wamekaa ukutani wanangoja.

Inspekta alisoma agizo. Hamisi alisikiliza mpaka mwisho bila kuachia waya.

"Nipeni siku tatu tu," akasema. "Nimalize kusuka, nipake vanishi, ikauke. Halafu nitapanda boti mwenyewe, wala hamtanishika mkono."

"Sheria haingoyake vernis ikauke," inspekta akajibu.

Mama Riziki akasimama. "Papa, huyu akienda tutakunywa nini?"

"Mama, kartié yote hii inakosa raia wa kufunga waya?" Akanigeukia mimi. "Mkuu wa kituo, kuna raia anaweza kufanya hii kazi, ndiyo ao hapana?"

Karatasi ya kumrudisha mtu ilikuwa imeshachapwa. Chini yake paliandikwa kwamba kazi ya mhusika inaweza kufanywa na raia, na palikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Nilikuwa na watoto wawili wanasoma Uvira. Nilikuwa na miaka michache ya kufika kwenye pensheni. Nilikuwa na tangazo la siku thelathini kwenye kabati. Nikatia sahihi. Nimesoma watu wanaosema mkono ulitetemeka. Wangu haukutetemeka. Siku ile mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Hamisi alinawa mikono, akampa Mama Riziki daftari dogo alimoandika hesabu ya mizunguko ya waya. "Ifunikeni vizuri," akamwambia, "isipate unyevu." Kisha akatembea mbele yetu mpaka bandarini, na sisi tukamfuata kama wasindikizaji.

Watu wakarudi kuchota ziwani. Inspekta akarudi kwao. Na kipindupindu, mgeni ambaye hakuna aliyewahi kumwomba karatasi, akaingia kartié yetu kwa njia anayoijua. Walilazwa wengi, wengi wakapona. Mama Zaina hakupona. Alikuwa dada mkubwa wa Mama Riziki, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, mama wa watoto wanne, na mimi nilikuwa mteja wake. Nilienda matangani, nikakaa kwenye kiti cha nyuma, nikaondoka mapema.

Siku ya nne baada ya maziko, Mama Riziki aliingia bureau na beseni kichwani. Mbele ya wasafiri aliishusha ile stator juu ya meza yangu, na tofali la mguu wa nne likasogea.

"Papa Wilondja," akasema, bila kupaza sauti, "kwa karatasi uliandika raia anaweza kufanya hii kazi. We uko raia?"

"Niko raia, mama."

"Basi ifanye."

Wasafiri walikuwa wanaangalia. Nilikiangalia kile chuma na waya zilizoning'inia nusu ndani nusu nje.

"Sijue kuifanya," nikasema.

"Mi najua haujue. Na siku ile ulijua haujue."

Alikaa kwenye benchi la wasafiri, akafungua kitambaa chake cha matanga akakifunga upya, akangoja. Katika miaka yangu yote dirishani nilikuwa nimetukanwa kwa lugha tano, na hakuna tusi lililonipata kama kule kukaa kwake.

Nikachukua karatasi nyeupe, nikajiandikia mimi mwenyewe, mkuu wa kituo, ombi la ruhusa ya siku kumi kwa ajili ya mambo ya familia. Nikalipitia, nikaliona lina sababu, nikajikubalia. Kesho yake tulipanda boti la Kigoma, mimi, Mama Riziki na beseni. Kwenye dirisha la wahamiaji wa Kigoma walinipa karatasi ya kujaza, na nilipofika kwenye mstari wa kazi niliandika biashara. Afisa, mwanamume wa makamo mwenye miwani, akaniuliza biashara ya nini. Nikasema vyuma. Alilitazama beseni, akatupa siku saba.

Hamisi tulimkuta Ujiji, uani kwake, amezungukwa na mota za watu. Hakuonyesha kushangaa. Aliifunua stator, akaikagua kwa kidole, akanitazama mimi kidogo, akasema, "Karibuni. Mmeitunza vizuri, haijapata unyevu." Lawama yake yote ilikuwa hiyo. Mke wake akatuletea ugali na samaki wa migebuka, na nilikula kwa shida.

Nilidhani angeimalizia kwa siku mbili turudi. Mama Riziki alikataa.

"Sitaki unimalizishie," alimwambia. "Unionyeshe. Kesho ikiungua tena, nitakubeba na we mu beseni?"

"Itachukua wiki, dada," Hamisi akasema.

"Kungoya tunazoea."

Basi alijifunza. Vidole vyake vilikuwa vya mshonaji, vilijua kuvuta uzi bila kuukata, lakini shaba si uzi. Mara ya kwanza aliivuta sana ikakatika, mara ya pili akailegeza ikapanda juu ya nyingine. Hamisi aliitoa yote, akamwambia aanze tena. Alihesabu mizunguko kwa Kibembe, kwa sauti, na akikosea alirudi mwanzo bila kuambiwa. Mimi nilipewa kazi ya kukata ile karatasi nzito inayowekwa kati ya waya na chuma ili mota isiungue. Siku ya tatu Hamisi alinisifu kwamba nakata sawasawa. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia barua yoyote ya kazini, na nikaona aibu kufurahi.

Siku ya sita akaja yule afisa mwenye miwani. Mtu wa jirani alikuwa amepeleka habari kwamba kwa Hamisi kuna Wakongo wanafanya kazi bila kibali.

"Hamisi, nasikia una wageni," akasema.

"Wageni wapo, bwana. Wanasubiri mota yao."

Afisa akamtazama Mama Riziki. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya stator na ncha ya waya ilikuwa katikati ya meno.

"Mama, unafanya nini?"

Akaitoa waya mdomoni. "Ninangoya, baba."

Afisa hakucheka. Akanigeukia mimi, niliyekuwa na mkasi mkononi. "Na wewe mzee? Huko kwenu kazi yako hasa ni nini?"

Nilikuwa na uongo mzuri wa kumpa. Nilishausikia mara elfu, upande wa pili wa dirisha. Lakini Hamisi alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai mkononi, na sikuweza.

"Mimi ni mwenzako," nikasema. "Wahamiaji, kituo cha Baraka. Huyu Hamisi nilimfukuza mimi. Maji yakakatika, dada ya huyu mama akafa. Tumekuja ile mota ikamilike."

Mke wa Hamisi alikuwa amempa afisa maji, naye akayanywa yote, akamrudishia kikombe.

"Mota siku hizi zinachelewa," akasema. "Kesho mpite ofisini niwaongezee siku saba za kusubiri." Akachukua kofia yake akaenda zake.

Jioni nilikaa nikaipitia ile sheria kichwani, kifungu kwa kifungu, nikitafuta alichovunja. Hakuvunja kitu. Nafasi ilikuwemo ndani ya sheria, upana wa siku saba, na yeye aliiona. Yetu haina tofauti kubwa na yao. Hamisi aliniomba siku tatu, nami nilikuwa na uwezo wa kumpa hata zaidi, na mbele ya inspekta sikuifungua sheria hata ukurasa mmoja. Wapya, kama mnatafuta mahali pa kupiga mstari katika maandishi haya, pigeni hapo.

Tulirudi na stator imekamilika, imepakwa vanishi, imekauka. Mama Riziki aliifunga mwenyewe kwenye pompe, mimi nikimshikia spana. Maji yalipotoka bamama walipiga vigelegele. Yeye hakupiga. Alijaza bidon moja, akaibeba mpaka nyumbani kwa marehemu dada yake, kwa wale watoto wanne, akawawekea mlangoni, kisha akarudi kufunga kibanda.

Tangu hapo mota za vinu zinaletwa kwake. Ana wanawake wawili anaowafundisha, na wote wanaogopa kuhesabu vibaya mbele yake. Kadi ya kazi ya Hamisi nayo ilitoka, mwaka uliofuata, ikiwa na picha yake na sahihi zote. Nilimpelekea kwa mtu wa boti. Alinijibu kwamba kadi ni nzuri sana, na kwamba kwa sasa ana kazi nyingi.

Kisha, miezi michache kabla sijastaafu, ikaja barua ya wakubwa. Inspekta alikuwa amepita tena, akamkuta mwanamke raia anasuka mota, akaandika ripoti. Barua ilikipongeza kituo cha Baraka, na mimi kwa jina, kwa kufanikiwa kuondoa nguvu kazi ya kigeni na kuweka ya taifa mahali pake. Walisema mfano huo uigwe kwingine.

Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaipeleka kwenye chumba cha Mama Riziki karibu na soko. Ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo nikamfasiria yote, bila kuruka jina langu. Alisikiliza huku ameinamia mota ya kinu cha Swima. Nilipomaliza akafuta mikono, akanyoosha mkono, nikampa barua. Hakuyaangalia maandishi. Aliusugua ukingo wake kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kama anavyopima ile karatasi ya kuweka ndani ya mota, akaikunja kidogo, akaiachia.

"Ni nyepesi," akasema. "Itaungua."

Akanirudishia, akaendelea kuhesabu.